Kumvusha mtoto silabasi bila kuigeuza nyumba kuwa darasa la pili

Hii naandika kwa wazazi, walezi, makaka na madada wakubwa, na walimu pia, wale ambao wanataka mtoto ajue zaidi ya yaliyomo kwenye silabasi lakini hawajui waanzie wapi. Tuelewane kwanza, sizungumzii tuisheni. Tuisheni ni silabasi ileile kwa sauti ya mtu mwingine, tena saa ambayo mtoto ameshachoka, inasaidia kama amebaki nyuma, sikatai, ila haimtoi nje ya mpaka. Na kumfundisha mtoto wa darasa la nne topiki za darasa la sita nako sio kumtoa nje, huko ni kumuwahisha tu, akifika hilo la sita atakaa anasinzia. Ninachosema mimi ni kuchukua kitu alichofundishwa wiki hiihii na kukisogeza mbele kidogo, akipime, akiulizie, akitumie, aone kama kweli kiko ivo.

Vifaa ni daftari moja jipya, penseli, rula au futikamba, uzi, na simu yoyote yenye saa ya kuhesabu sekunde. Usinunue kitu kingine kwanza.

Hatua ya 1: anzia kwenye daftari lake la shule

Watu wengi wanakimbilia intaneti, wanaandika "shughuli za kisayansi kwa watoto", wanapata vitu mia, wanachagua kile chenye moshi na rangi, mtoto anafurahi dakika kumi na hakuna kilichoingia kichwani. Wewe fungua daftari la shule, angalia wiki hii wamesoma nini, alafu muulize swali moja tu: kuna kitu gani hapa ulitaka kuuliza ukanyamaza? Mara ya kwanza atasema hakuna. Mara ya pili atasema hakuna. Usimlazimishe, muulize tena wiki ijayo, watoto wamezoea kwamba swali linatoka kwa mkubwa na wao kazi yao ni jibu, kwahiyo inachukua muda kuamini kuwa safari hii umegeuza.

Akishatoa swali mnalichuja. Swali zuri kwa kuanzia ni lile linaloweza kujibiwa kwa kuhesabu, kupima, kuchora, kutengeneza au kumuuliza mtu anayejua. "Kwa nini ulimwengu upo" ni swali kubwa na zuri, liandikeni nyuma ya daftari, lakini sio la Jumamosi hii. "Je jiwe zito linaanguka haraka kuliko jepesi", "mti wa pale nje una urefu gani", "mwezi unachelewa kiasi gani kila siku", haya ndio yanafanyika.

Mfano ninaoupenda ni huo wa mwezi. Vitabu vingi vinasema mwezi unaizunguka dunia kwa siku 27 na kidogo. Sasa mwambie mtoto aanze kuhesabu kutoka mwezi mpevu mmoja mpaka mpevu mwingine, atapata kama siku 29 na nusu. Nani kakosea? Hakuna. Mwezi unamaliza duara lake kwa siku hizo 27 ukilinganisha na nyota, ila wakati huo dunia nayo imeshasogea kwenye njia yake ya kulizunguka jua, kwahiyo mwezi unatakiwa kwenda siku mbili zaidi ndio ukae tena upande ulio kinyume na jua na uonekane mpevu. Mtoto akichora hicho kitu mwenyewe kwenye karatasi, jua katikati na dunia inasogea, hatokisahau, na hakuna aliyemlipa mwalimu wa ziada.

Hatua ya 2: daftari la pembeni

Hili lisichanganywe na madaftari ya shule. Halisahihishwi kwa kalamu nyekundu, halina maksi, mwandiko mbaya ruksa. Kila kazi inaandikwa tarehe, swali, anachokisia, alichofanya, alichoona, na kinachomsumbua bado. Hapo kwenye anachokisia ndio pa kukazia sana, aandike KABLA ya kupima. Akiandika baada, akili inamdanganya, anasema "nilijua tu". Akiwa ameandika kabla alafu ikaja tofauti, hapo ndipo anaanza kufikiri, na wewe usimcheke.

Kama mtoto ni mdogo hajui kuandika vizuri, achore, wewe mwandikie maneno pembeni.

Hatua ya 3: apime kitu halisi

Hapa nitakaa sana kwa sababu ndipo shule nyingi zinapokwamia. Darasa lina watoto wengi, kipindi ni dakika chache, maabara haipo au imefungwa, mwisho wa siku namba zote mtoto anazikuta zimeshaandikwa kitabuni, hajawahi kuzitoa mahali mwenyewe.

Anza na jiwe na uzi, yaani pendulamu. Funga jiwe dogo kwenye uzi, uning'inize mahali ambapo hautasuguana na ukuta, kutoka pale ulipofunga juu mpaka katikati ya jiwe iwe mita 1 kamili. Livute kidogo tu pembeni, liachie, hesabu kwenda na kurudi mara 10 huku simu inahesabu muda. Itakuja karibu sekunde 20. Sasa kabla ya kuendelea muulize, tukifupisha uzi uwe sentimita 25, yaani robo, muda utakuwaje? Karibu wote wanasema utakuwa robo, sekunde 5. Pimeni. Itakuja sekunde 10, nusu. Mwache ashangae hapo, usimpe fomula. Alafu badilisha jiwe, weka zito zaidi kwa uzi wa urefu uleule, muda haubadiliki, na hili linawachanganya watoto (na wakubwa) kuliko lile la kwanza. Kwa mwanafunzi wa sekondari mnaenda mbele zaidi, zidisha pai kwa mbili, jibu lake lipandishe kipeo cha pili, zidisha na urefu wa uzi kwa mita, gawa kwa muda wa mzunguko mmoja ukiwa nao kipeo cha pili, unapata mvuto wa dunia, kwa uzi wa mita moja na sekunde 2 inakuja kama 9.87, na kitabu kinasema 9.8. Ametoa ile namba kwa uzi na jiwe! Ila mwambie asivute jiwe mbali sana pembeni, ile fomula inafanya kazi vizuri kwa pembe ndogo.

Ya pili ni kivuli. Simamisha kijiti cha mita 1 wima kabisa, pima kivuli chake, tuseme sentimita 80. Muda huohuo, sio baada ya nusu saa maana jua linatembea, pima kivuli cha mti. Kikiwa mita 5.6, basi mti una mita 7. Ni uwiano tu, ule wa kwenye hesabu za darasani ambao mtoto huwa anauliza "utanisaidia nini". Pimeni na mlingoti, na jengo, aandike.

Akishazoea vivuli mpe kubwa. Zaidi ya miaka 2200 iliyopita kule Alexandria, Misri, kulikuwa na mtu anaitwa Eratosthenes, msimamizi wa ile maktaba maarufu. Alijua kwamba kusini, mji wa Syene ambao leo ni Aswan, kuna siku moja ya mwaka jua la mchana linakuwa juu kabisa ya kichwa, hakuna kivuli. Siku hiyohiyo Alexandria kivuli kipo, na pembe yake aliikuta ni moja ya hamsini ya duara, yaani nyuzi 7 na kidogo. Kwahiyo umbali kati ya miji hiyo ukiuzidisha mara 50 unapata mzingo wa dunia. Bila setilaiti, bila kupanda chombo chochote.

Hii inafanyika leo kama una ndugu au shule rafiki mahali pengine. Sharti mwe mbali kwa mwelekeo wa kaskazini na kusini, mashariki na magharibi haisaidii. Siku moja, kila mmoja na kijiti chake, pimeni kivuli pale kinapokuwa kifupi kuliko vyote. Huo ndio mchana wa kweli, na mara nyingi haulingani na saa sita ya kwenye simu, kwahiyo anzeni kupima saa nzima kabla na mpime kila dakika tano. Gawa urefu wa kivuli kwa urefu wa kijiti, alafu bonyeza tan⁻¹ kwenye kikokotoo kitakupa pembe. Toa pembe moja kwenye nyingine. Miji iliyoachana kilomita 500 kaskazini kusini itapishana kama nyuzi 4.5, alafu 360 gawa kwa 4.5 zidisha kwa 500 unapata kilomita 40,000, ambayo ndio mzingo wenyewe. Angalizo ambalo watu hulisahau: kama mko karibu na ikweta inawezekana kivuli cha mmoja kinaangukia kaskazini na cha mwingine kusini, hapo hamtoi pembe, mnajumlisha. Mkitoa mtapata dunia kubwa ya ajabu. Na hata mkikosea kwa asilimia 10 sio mbaya, mwambie mtoto aorodheshe sababu zinazoweza kuwa zimeleta tofauti, hiyo orodha ina thamani kuliko jibu lenyewe.

Mvua nayo inapimika. Chukua kopo lenye kuta zilizonyooka, liweke pasipo na mti wala paa juu yake, asubuhi chomeka rula. Milimita 1 ya mvua ni lita 1 kwa kila mita moja ya mraba, kwahiyo mvua ya milimita 10 juu ya paa la mita za mraba 50 ni lita 500. Mtoto akishalijua hilo ataanza kupigia hesabu kila paa analoliona.

Hatua ya 4: masomo ambayo hayapimwi kwa rula

Historia, uraia, lugha, jiografia. Haya nayo yana njia yake, na njia ni watu.

Chagueni tukio moja ambalo watu wazima walio karibu wanalikumbuka, lihusiane na topiki ya darasani. Mtoto awahoji wawili au watatu, kila mmoja peke yake, wasisikilizane. Maswali yawe ya wazi, "ilikuwaje siku ile" na sio "ilikuwa mbaya eeh?", maana swali la pili limeshajijibu. Aombe ruhusa kabla ya kurekodi, na mtu akikataa basi, aandike kwa mkono au aache. Kisha akae na majibu yote aweke pembeni pale yanapopishana. Kwa nini huyu anasema walikuwa wengi na yule anasema wachache? Alikuwa wapi, alikuwa na umri gani, aliambiwa au aliona? Hicho ndicho wanahistoria wanachokifanya kila siku, ila shuleni mtoto anapewa aya moja iliyoshapikwa anakariri mwaka.

Lugha ni rahisi zaidi, akusanye maneno ambayo wazee wanayatumia na yeye hayatumii, aandike sentensi waliyoyasemea. Ramani pia: achore njia ya kutoka nyumbani mpaka shule kwa kichwa, alafu aitembee na kuirekebisha, aongeze kipimio na dira.

Hatua ya 5: kazi yake iwe na faida kwa mtu mwingine

Wapo watoto ambao ukiwaambia "fanya kwa ajili ya kujifunza" hawasogei, ukiwaambia kuna mtu anaihitaji hii kazi wanaamka. Kuna miradi ya sayansi ambayo mtu yeyote anachangia. Galaxy Zoo ilianza 2007, watu wa kawaida wanatazama picha za galaksi na kuzipanga kwa umbo, na mwaka huohuo mwalimu wa shule kutoka Uholanzi, Hanny van Arkel, akaona kidubwasha cha ajabu kwenye picha moja akauliza hiki ni nini. Wataalamu hawakuwa na jibu la haraka, ikaja kugundulika ni wingu kubwa la gesi linalong'aa karibu na galaksi, na mpaka leo linaitwa Hanny's Voorwerp, yaani kitu cha Hanny kwa Kiholanzi. Hakuwa mtaalamu wa nyota, aliuliza tu.

Kwa viumbe kuna iNaturalist, unapiga picha mdudu au mmea, watu wanakusaidia kuutambua. Kwa ndege kuna eBird, ilianza 2002. Mtoto mdogo asifungue akaunti yake, itumike ya mkubwa, na ile sehemu ya mahali ilipopigwa picha ifichwe au iwe ya jumla, usiweke ramani ya nyumbani kwenu hadharani kwa sababu ya kipepeo.

Hatua ya 6: intaneti, sasa ndio zamu yake

Imekuja namba sita makusudi. Mtoto akiingia na swali lake mkononi, intaneti inamtumikia, akiingia bila swali inamburuza. Sheria yangu ni kila video moja ifuatwe na kitu kimoja cha mkono, kuchora, kupima, kueleza kwa mtu. Video tatu mfululizo bila kitu ni televisheni.

Vya bure ambavyo naviamini: PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, ilianzishwa 2002 na Carl Wieman, mshindi wa Nobel ya fizikia, ina majaribio ya kuchezea ya umeme, mawimbi, sehemu, na baadhi yameshatafsiriwa kwa Kiswahili. Khan Academy kwa hesabu. Scratch iliyoanzia MIT, chuo cha Marekani, kwa kuanza kuandika programu, mtoto anaunganisha vipande badala ya kuchapa kodi. Stellarium kwa anga la usiku. Kama bando ni shida, tafuta Kiwix, inakuwezesha kushusha Wikipedia nzima ya lugha fulani mkaisoma oflaini, na ya Kiswahili ni nyepesi sana ukilinganisha na ile ya Kiingereza. Shule yenye kompyuta chache na haina intaneti iangalie Kolibri, imetengenezwa kwa hali hiyohiyo.

Zile programu za akili bandia zinazojibu maswali, mimi siwakatazi, lakini mtoto azitumie kumuuliza yeye maswali, sio kumwandikia majibu. Na chochote inachomwambia kinachoweza kupimwa, apime.

Hatua ya 7: asisahau

Fupi hii. Hermann Ebbinghaus, Mjerumani, alijipima mwenyewe kumbukumbu na kuchapisha 1885, akaonyesha kwamba tunasahau kwa kasi sana mwanzoni na kwamba marudio yaliyoachanishwa yanafaa kuliko kukesha usiku mmoja. Kwahiyo kesho yake mwambie akueleze bila kufungua daftari, tena baada ya siku tatu, tena baada ya wiki. Dakika mbili tu, mkiwa njiani au mnaosha vyombo. Kueleza bila kuangalia ndio kazi, kusoma tena notsi kunampa raha ya uongo.

Hatua ya 8: kukirudisha darasani bila kugombana

Itafika siku mtoto amegundua kwamba kitabu kimerahisisha mambo. Darasani wameambiwa hali za maada ni tatu, yeye kasoma kuna plazma, na jua lenyewe ni plazma. Darasani milango ya fahamu mitano, yeye kasoma kuwa ndani ya sikio kuna kiungo cha mizani. Sasa ananyoosha mkono kumsahihisha mwalimu mbele ya wenzake, na hapo vita inaanza.

Mfundishe mambo mawili mapema. Kwenye mtihani andika kile silabasi inachotaka, kwa sababu msahihishaji ana mwongozo mezani na hana muda wa kukusikiliza, huo sio uongo, ni kujua umeulizwa na nani. Na kwa mwalimu nenda baada ya kipindi, na daftari la pembeni, useme "mwalimu nilijaribu hivi nikapata hivi, naomba unisaidie kuelewa". Walimu wengi wakiona daftari lile wanafurahi kweli, wengine wanaomba lisomwe darasani. Akikutana na asiyefurahi basi aendelee kimyakimya, daftari ni lake.

We mwalimu unayesoma hii na darasa lako limejaa, usijaribu kufanya yote. Chukua swali moja kwa wiki, liandike pembeni ya ubao Jumatatu, Ijumaa wape dakika kumi vikundi viwili vieleze walichopata. Wiki ijayo wengine. Usilipe maksi, ukilipa maksi tu wataanza kunakiliana.

Muda, na lini uache

Saa moja au moja na nusu kwa wiki inatosha kabisa, tena siku ileile ikiwezekana ili isiwe ya kubembelezana kila mara. Mtoto akichoka na swali liacheni nusu, sio kila kitu kinamalizwa, mengine atayarudia mwenyewe akiwa na miaka miwili zaidi. Ukiona ni wewe unayeshika rula na yeye amekaa pembeni anachezea simu, ujue imeshakuwa projekti yako, mrudishie au ibadilisheni. Mwaka wa mtihani wa taifa punguzeni iwe mara moja kwa wiki mbili, chagueni yale yanayogusa topiki alizo dhaifu, pendulamu kwa asiyeelewa vipeo, vivuli kwa anayeogopa uwiano, na wiki mbili za mwisho kabla ya mtihani daftari lifungwe kabisa mpaka amalize karatasi ya mwisho.